Ng'ambo ya Tana: Barabara za Kaskazini Mashariki zisizojulikana na watalii wa ndani

WAKENYA wanapoulizwa ni kaunti zipi wanazopenda kuzizuru kwa gari wakati wa likizo, majibu huwa ni yale yale. Hutajwa Nakuru kwa maziwa yake, Laikipia kwa nyika zilizotandaa chini ya Mlima Kenya, Narok kwa Maasai Mara, na Kwale kwa ufuo wa Diani. Tangu barabara ya kutoka Isiolo hadi Moyale itiwe lami, Marsabit nayo imejipenyeza katika orodha hiyo. Ni nadra mno kumsikia mtu akitaja Garissa, Wajir au Mandera, ilhali kaunti hizo tatu kwa pamoja zimechukua zaidi ya sehemu moja ya tano ya ardhi yote ya nchi.

Wapo wazee katika eneo hilo ambao hadi leo humuuliza mgeni aliyewasili kutoka Nairobi habari za "Kenya", kana kwamba Kenya ni nchi nyingine iliyobaki ng'ambo ya Mto Tana. Swali hilo huulizwa kwa mzaha, lakini mzaha wenyewe una historia ndefu, na ni vigumu kuzielewa barabara za huko bila kuijua.

Utawala wa kikoloni, kupitia sheria za mwaka 1902 na 1934, uliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojulikana kwa herufi za NFD, hivi kwamba aliyetaka kuingia au kutoka alilazimika kuwa na kibali. Uhuru ulipopatikana, vilifuata vita vya Shifta vya kati ya 1963 na 1967, na baada yake sheria za hali ya hatari ambazo hazikuondolewa hadi 1991. Katikati ya hayo, Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulipendekeza fedha za maendeleo zielekezwe kwanza katika maeneo yenye mvua na ardhi nzuri, ambako faida ingeonekana upesi. Kaskazini Mashariki haikuwa na mvua wala ardhi ya aina hiyo. Matokeo yake ni kwamba vizazi viwili vya wenyeji vilizaliwa na kukua bila kuiona lami, na Wakenya wengine wakazoea kulisikia eneo hilo linapotokea shambulizi, ukame au mafuriko pekee.

Je, kuna cha kuonwa huko, na je, mtu anaweza kwenda na kurudi salama? Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, tena bila kusita. Jibu la pili linategemea ni barabara gani inayozungumziwa, kwa sababu tofauti iliyopo kati ya barabara moja na nyingine katika eneo hilo ni kubwa kuliko tofauti kati ya Garissa na Nairobi.

Barabara inayostahili kutangulia ni ile ya Nairobi hadi Garissa, takriban kilomita 370, ambayo ina lami mwanzo hadi mwisho. Kinachoifanya ivutie ni mteremko wake. Msafiri huondoka Nairobi akiwa katika kimo cha karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na kufika Garissa katika kimo cha mita 150 hivi, na katika muda wa saa sita huwa amepita katika nchi kama nne tofauti bila kuonyesha pasipoti. Sweta iliyovaliwa alfajiri huvuliwa Mwingi, na kufikia Ukasi mtu hutamani kuvua na viatu.

Baada ya Thika na mashamba yake ya mananasi, mlima wa Ol Donyo Sabuk husimama peke yake upande wa kulia. Kuanzia Kithimani hadi Matuu, gari hupita juu ya Uwanda wa Yatta. Wengi hupita hapo wakidhani ni ardhi tambarare ya kawaida, kumbe ni mkondo wa lava iliyoganda wenye urefu wa karibu kilomita 300, unaohesabiwa miongoni mwa mikondo mirefu zaidi ya aina yake duniani. Maembe na matikitimaji huuzwa kando ya barabara kulingana na msimu, na mwenye kupenda asali hana sababu ya kuipita Mwingi bila kusimama, maana asali ya huko ina sifa nchi nzima.

Mwingi ndio mji wa mwisho wa nyanda za juu. Kutoka hapo hadi Garissa ni karibu kilomita 190, na ni katika kipande hiki ambapo safari hubadilika sura. Vilima vya mawe vinaanza kuchomoza ghafla kutoka ardhini kama migongo ya tembo. Mibuyu inajitokeza, kisha inapungua. Udongo unakuwa mwekundu. Baada ya kilima cha Ukasi barabara hunyooka, na miti hupungua kimo hadi ikabaki migunga na vichaka vya miiba vinavyochanua maua meupe siku chache tu baada ya mvua. Vichuguu vya mchwa, vingine virefu kuliko mtu, husimama kando ya njia kama minara ya mji uliohamwa. Adhuhuri, mazigazi hutandaa mbele ya gari, na dereva mgeni huapa kwamba ameona maji.

Ni hapa pia ambapo madereva wengi hufanya makosa. Barabara iliyonyooka huleta usingizi, na ngamia hana haraka wala haogopi honi. Usiku mnyama huyo haonekani hadi gari limemkaribia kabisa, na kwa sababu ya urefu wa miguu yake, agongwapo huangukia kioo cha mbele. Wenyeji wenye magari madogo huepuka kuendesha baada ya magharibi, na mgeni hana budi kufuata mfano wao.

Kisha, bila ya dalili kubwa, kunatokea ukanda wa kijani. Huo ni Mto Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, unaosafiri karibu kilomita 1,000 kutoka safu za Aberdare na Mlima Kenya hadi Bahari Hindi. Maji hayo hayo yamekwisha kuzungusha mitambo ya umeme katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kabla ya kufika Garissa. Kwenye ukingo wa magharibi upo mji mdogo wa Madogo, ambao ni wa Kaunti ya Tana River. Ukivuka daraja, umeingia Garissa.

Uhusiano wa mji na mto huu si wa amani siku zote. Mabwawa ya juu yanapojaa na kufurika, maji hushuka kwa siku kadhaa kabla ya kuifikia Garissa, ambako pengine hakujanyesha hata tone. Wakati wa mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023, barabara ilikatika katika eneo la Kona Punda, karibu na Madogo, na abiria wakawa wanavushwa kwa mashua huku mabasi yakisubiri pande zote mbili. Mafuriko yalirudi katika msimu wa mvua wa 2024, na mwezi Aprili mwaka huo mashua iliyokuwa imebeba abiria ilipinduka katika eneo hilo na kusababisha vifo. Kwa hivyo, anayepanga safari mwezi Novemba au Aprili hana budi kuuliza kwanza hali ya mto. Kutazama mawingu ya Garissa pekee hakutamsaidia.

Mji wenyewe ni wa joto kali, na nyuzi 35 za selsiasi mchana ni jambo la kawaida. Kitu cha kwanza kumshangaza mgeni ni korongo wakubwa wenye mfuko shingoni, wanaotembea mitaani na kukaa juu ya paa kama wazee wa baraza. Kitu cha pili ni soko la mifugo, mojawapo ya makubwa zaidi Afrika Mashariki, ambako ng'ombe, mbuzi na ngamia huletwa kutoka kila upande, wengine kutoka ng'ambo ya mpaka wa Somalia, kabla ya kupakiwa kwenye malori kuelekea Nairobi na Mombasa. Mtu anayetaka kuelewa uchumi wa kaunti hizi tatu atajifunza zaidi kwa saa mbili sokoni humo kuliko kwa kusoma ripoti.

Chakula nacho ni sababu tosha ya safari. Chai hupikwa kwa maziwa ya ngamia, yenye ladha ya moshi kwa sababu vyombo vya kukamulia hufukizwa kwa vijiti vya miti maalumu ili maziwa yasiharibike upesi. Asubuhi kuna anjera kwa maini au kwa asali. Kuna nyama ya ngamia, na kuna nyirinyiri, yaani nyama iliyokatwa vipande vidogo sana, ikakaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli. Chakula hicho kilibuniwa kwa ajili ya safari ndefu za wafugaji, na mkebe mmoja humtosha mtu siku kadhaa njiani bila jokofu.

Haiwezekani kuutaja mji huu bila kutaja tarehe 2 Aprili 2015, siku ambayo magaidi wa Al-Shabaab waliwaua watu 148, wengi wao wanafunzi, katika Chuo Kikuu cha Garissa. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016. Mji haujawahi kukumbwa na shambulizi la ukubwa huo tangu wakati huo, lakini jina lake bado hubeba mzigo wa siku ile, na biashara nyingi za wageni zilizokuwa zimeanza kuchipuka zilirudi nyuma.

Kilomita chache kusini mwa mji kuna hifadhi ya twiga ya Bour-Algi, iliyo chini ya jamii. Twiga wa huko ni wale wa kaskazini, ambao mistari yao myeupe imejichora kama wavu juu ya ngozi ya hudhurungi, si mabaka yaliyochanika kama ya twiga wa Mara. Wanaishi jirani na watu na mifugo, na mgeni anaweza kuwakaribia kwa miguu akiongozwa na mwenyeji. Pamoja nao huonekana swala twiga, yule mwenye shingo ndefu anayesimama kwa miguu miwili ya nyuma ili kula majani ya juu, pamoja na dikidiki na ngiri.

Ukiendelea kusini kupitia Bura hadi Masalani na Ijara, unaingia katika makao ya mnyama ambaye Wakenya wengi hawajawahi kumsikia. Hirola ni paa mwenye pembe zilizojipinda na mstari mweupe unaopita kutoka jicho moja hadi jingine kama miwani. Idadi yao iliyobaki ulimwenguni inakadiriwa kuwa chini ya 500, na karibu wote wako Kenya, katika nyika hizi za mpakani na katika kundi dogo lililohamishiwa Tsavo Mashariki mwaka 1963 na tena 1996. Hifadhi ya Kitaifa ya Arawale ilitengwa katika miaka ya 1970 kwa ajili yao, lakini kutengwa kwenye karatasi hakukuwazuia kupungua. Hatua iliyoleta matumaini ilichukuliwa na wafugaji wenyewe wa Ishaqbini, ambao mwaka 2012 walikubali sehemu ya malisho yao izungushiwe ua ili hirola wazaliane mbali na simba na chui.

Ishaqbini ndiko pia walikoonekana twiga weupe ambao picha zao zilizunguka dunia mwaka 2017. Weupe wao ulitokana na upungufu wa rangi katika ngozi, hali ambayo haikuwa imewanyima rangi ya macho. Machi 2020 iligunduliwa kwamba jike na ndama wake walikuwa wameuawa na wawindaji haramu. Dume aliyebaki alifungwa kifaa cha kufuatilia nyendo zake mwezi Novemba mwaka huo huo.

Hapa ndipo tahadhari inapohitajika. Mashariki na kusini mwa Ijara kuna msitu wa Boni, ambao kwa uzuri wa miti na ndege una washindani wachache nchini, lakini ambao tangu 2015 umekuwa uwanja wa operesheni ya kijeshi dhidi ya Al-Shabaab. Mabomu ya kutegwa barabarani yamewaua wanajeshi, polisi na raia. Hiyo si barabara ya matembezi. Hata safari ya Ishaqbini inafaa kupangwa mapema kupitia wasimamizi wa hifadhi, ambao wanajua ni lini njia ni salama na ni lini si salama.

Barabara ya kaskazini, kutoka Garissa hadi Wajir, ina zaidi ya kilomita 300, na kwa mwenye kupenda uwazi na ukimya pengine hakuna ya kuishinda nchini. Kati ya Garissa na Modogashe msafiri huvuka ikweta. Hakuna maonyesho ya beseni na maji yanayowafurahisha watalii kule Nanyuki, na wengi huivuka bila kujua. Ardhi ni bapa kiasi kwamba mtu aliyesimama juu ya paa la lori huona upeo wa macho pande zote nne. Mbuni wa huku ni wa aina ya pekee, dume lake likiwa na shingo na mapaja ya rangi ya buluu ya kijivu, na kanga wenye vifua vya buluu hukimbia kwa makundi mbele ya gari badala ya kuruka.

Majina ya vituo hueleza mengi kwa anayejua Kisomali. Habaswein maana yake ni vumbi jingi, na yeyote aliyepita hapo mwezi Februari atakubali kwamba mtoaji wa jina hilo hakutia chumvi. Hata hivyo, ni karibu na Habaswein ambapo Mto Ewaso Nyiro, uliotoka Laikipia na kuwanywesha tembo wa Samburu, humalizikia katika kinamasi cha Lorian. Katika miaka ya mvua nyingi kinamasi hicho hufurika na kuwa ziwa, na katika miaka ya ukame kinakuwa uwanja wa nyasi kavu. Ukame wa kati ya 2020 na 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, uliacha mizoga ya mifugo kando ya barabara hii. Desemba 2021, twiga sita waliokuwa wamedhoofika walikwama na kufa katika tope la bwawa lililokuwa likikauka huko Sabuli, kaunti ya Wajir. Mandhari ya huku ni mazuri, lakini mtu anayekuja kuyatazama ajue kwamba uzuri huo na njaa hukaa nyumba moja.

Mji wa Wajir ulianza kwa sababu ya visima. Ardhi yake ni ya mawe ya chokaa, maji hayako mbali chini, na kwa karne nyingi wafugaji wa koo mbalimbali wamekutana hapo kunywesha ngamia. Simulizi za wenyeji hudai kwamba hata Malkia wa Sheba aliwanywesha ngamia wake huko. Chokaa hiyo hiyo imezipaka nyumba kongwe rangi nyeupe, hivi kwamba mgeni anayetoka pwani huhisi kama amefika Lamu isiyokuwa na bahari. Pengine ni upweke huo uliowafanya maofisa wa kikoloni, wakiwa zaidi ya kilomita 300 kutoka ufuoni, kuiita klabu yao ya vinywaji "Royal Wajir Yacht Club", yaani klabu ya kifalme ya mashua. Mashua hazikuwapo. Mwaka 1940 ndege za Italia ziliushambulia mji huo kwa mabomu, maana mpaka wa Somalia ya Waitaliano haukuwa mbali. Makavazi ya Wajir yamehifadhi kumbukumbu za maisha ya wafugaji na yanafaa kuzuruwa.

Magharibi mwa mji upo uwanja wa ndege wa Wagalla. Februari 1984, maafisa wa usalama waliwakusanya hapo wanaume wa ukoo wa Degodia, wakawazuilia kwa siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ya wakati huo ilikiri vifo 57. Walionusurika wameshikilia siku zote kwamba waliokufa walikuwa mamia, na wengine husema maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililichunguza suala hilo katika ripoti yake ya 2013. Mtalii haendi Wagalla kupiga picha, lakini ni vyema aijue kabla ya kumwuliza mzee wa Wajir kwa nini gari la serikali linapopita yeye hunyamaza.

Kuhusu Mandera maneno machache yatatosha, si kwa sababu haina cha kuonyesha bali kwa sababu wakati wake bado. Mji huo uko pembeni kabisa mwa nchi, mahali ambapo Kenya, Ethiopia na Somalia zinakutana, na Mto Daua ndio mpaka na Ethiopia. Mbuga ya Kitaifa ya Malka Mari, iliyotengwa mwaka 1989 kando ya mto huo, ina mikoma na korongo zenye miamba ambazo zimeonwa na Wakenya wachache mno. Lakini barabara ya kufika huko kupitia Elwak ndiyo iliyokumbwa na mashambulizi mengi zaidi. Novemba 2014, abiria 28 waliteremshwa kutoka basi karibu na Mandera na kuuawa kwa kuwa hawakuwa Waislamu. Desemba 2015, basi jingine liliposimamishwa, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi siku hiyo, alifariki Januari 2016 na kupewa nishani ya kitaifa baada ya kifo chake. Mabasi ya njia hiyo yamekuwa yakisindikizwa na polisi, na safari inayohitaji msafara wa bunduki si ya likizo.

Vivyo hivyo kwa barabara ya Dadaab na Liboi. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilizo umbali wa takriban kilomita 100 kutoka Garissa, zilianza mwaka 1991 na wakati wa ukame wa 2011 zilikuwa na karibu watu nusu milioni. Kuingia kunahitaji kibali, na hata kama kisingehitajika, makazi ya watu waliokimbia vita si kivutio.

Basi, katika kaunti tatu hizi, Garissa ndiyo ya kuanza nayo, Wajir ndiyo inayomlipa mwenye subira, na Mandera ingoje. Hali hiyo huenda ikabadilika. Katika miaka ya 2010 lami ilianza kusogea kutoka Garissa kupitia Nuno kuelekea Modogashe, na mradi mkubwa zaidi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulioidhinishwa mwaka 2020, unakusudia kuiunganisha Isiolo na Mandera kupitia Modogashe, Wajir na Elwak, kilomita zipatazo 740. Upande wa kusini, barabara ya kutoka bandari ya Lamu hadi Garissa ni sehemu ya mpango wa LAPSSET, ambao bandari yake ilipokea meli ya kwanza Mei 2021. Ujenzi katika pande zote mbili umecheleweshwa na mashambulizi. Wafugaji nao wana wasiwasi wao, kwa kuwa barabara pana iliyojaa malori hukatiza njia ambazo mifugo na hirola wamezipita tangu zamani.

Kuna kizuizi kingine ambacho mtalii kutoka Nairobi hukipita bila kukihisi. Katika vituo vya ukaguzi, hasa karibu na daraja la Tana, abiria wa mabasi wamezoea kuteremka na kuonyesha vitambulisho, na Msomali wa Kenya asiye na kitambulisho amekuwa akirudishwa au kuzuiliwa. Kukipata chenyewe kulihitaji msasa wa ziada ambao vijana wa kaunti nyingine hawakupitia. Februari 2025, Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba msasa huo umefutwa. Mwenye gari lake binafsi na jina la kutoka mikoa mingine mara nyingi hupungiwa mkono apite. Inafaa azime redio kidogo na kutazama foleni iliyo kando.

Majira mazuri ya safari ni Juni hadi Septemba, kipindi ambacho Wasomali hukiita hagaa, ambapo upepo hupunguza joto na njia za udongo huwa kavu. Januari hadi Machi, msimu wa jilaal, joto huwa kali na vumbi huzidi. Gari dogo linatosha hadi Garissa na Bour-Algi, lakini zaidi ya hapo panahitajika gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, matairi mawili ya akiba na maji ya kunywa ya siku mbili. Mafuta yajazwe kila yanapopatikana. Mavazi yawe ya heshima, kwa wanaume na wanawake, na watu wasipigwe picha bila kuombwa ruhusa. Daraja na vituo vya polisi visipigwe kabisa. Mwezi wa Ramadhani mikahawa hufungwa mchana, ingawa mgeni atakayebahatika kualikwa futari hatajutia njaa yake.

Anayefika Garissa na asitake kurudi Nairobi kwa njia aliyoijia ana chaguo jingine, nalo ni kuufuata Mto Tana kuelekea baharini. Kutoka Madogo, barabara hushuka kusini ikiwa na msitu wa mto upande wa kushoto na nyika upande wa kulia, kupitia Bura na mashamba yake ya kunyunyizia maji hadi Hola. Hapo ndipo wafungwa 11 wa Mau Mau walipopigwa na walinzi hadi kufa tarehe 3 Machi 1959, tukio lililozua mjadala mkali katika Bunge la Uingereza. Kusini zaidi, katika msitu wa kingo za mto, wanaishi mbega wekundu na nyani aina ya mangabey ambao hawapatikani kwingine kokote duniani. Vijiji vya Wapokomo hujitokeza pamoja na migomba na miembe yao. Garsen ikifika, hewa huwa imebadilika na kuwa na unyevu, na kutoka hapo hadi Malindi ni kilomita zipatazo 110 za lami.